Majina Manne

"Hiki kioo hakitakuumiza macho, baba," alisema Tausi, akiipanga simu mpya yenye kioo kisichong'aa, kama karatasi. Alikuwa ameiwekea programu inayoondoa picha zote kwenye ukurasa wa mbele na kubakiza majina tu, kwa herufi kubwa.

Mzee Kibwana hakubandua macho kwenye vidole vya binti yake.

"Nisomee."

"Tausi, daktari, duka la dawa, jirani."

"Na kaka yako Shomari?"

"Nafasi ni nne tu, baba."

Mzee aliichukua simu, akaisogeza dirishani. Vioo vya aina hiyo havifuti upesi kilichotangulia. Nyuma ya jina la Tausi, kwa weusi uliofifia, Shomari alikuwa bado anasomeka.

"Lete nikisafishe," Tausi alisema haraka.

Mzee akalibonyeza lile jina lililofifia, akaiweka simu sikioni. Mapajani mwa Tausi, simu yake mwenyewe ikaanza kuita.