Waya wa Birika

Kabla hakujapambazuka nilisikia kisu kikikwaruza jikoni. Mjukuu wangu, aliyefika jana kutoka kiwanda cha nyaya anakofanya kazi, alikuwa amepiga magoti akifunga waya mpya kwenye birika langu la umeme.

Juzi nilimpigia simu kumwambia kwamba waya umepasuka. Sikumwambia ulianza kupasuka mwaka jana. Niliuweka akiba, niwe na sababu ya kumwita.

"Bibi, huu wa zamani umekauka kama kijiti. Ungekuunguza."

Akanipa ule mpya. Ulijikunja kiganjani, laini kama sikio la mtoto mchanga.

"Mnautia nini huko kiwandani?"

"Parafini yenye klorini, si ile ya taa. Mafuta mazito kama asali, mimi ndiye ninayeyachanganya na plastiki. Waya unapinda, wala haushiki moto upesi. Huu utatuzika sote."

"Tangulia wewe, mimi bado nipo."

Alicheka, akavaa koti la kazi. "Wa pasi nimeshakubadilishia, na wa redio, na wa taa. Sasa hutasumbuka tena."

Nilitazama pande zote. Hakikubaki kibovu hata kimoja.

Nikamshika mkono wa koti. "Njoo Jumapili, mjukuu wangu. Hakuna kilichoharibika. Njoo tu."