Katibu Alivyoihamisha Tovuti

Jumamosi hiyo wanachama wa klabu ya kompyuta walikuta tovuti yao imeshahamishiwa kampuni nyingine. Hakuna aliyeulizwa. Katibu, mwanamke ambaye kwa kawaida huwapokea watu mlangoni kwa utani, alikuwa ameinamia kibodi akifuta vumbi lisilokuwepo.

"Tumehama ghafla hivi, kwani tumeua mtu?" aliuliza mwenyekiti, mkunga mstaafu asiyejua kuzungusha maneno.

"Kampuni ile ilikuwa inazembea, mama."

"Inazembea? Si wewe uliyekuwa ukiimwagia sifa? Msaidizi wao hivi, msaidizi wao vile. Mpaka tukawa tunasubiri posa."

Watu wakacheka. Katibu naye akajichekesha, lakini uso ulimwaka moto.

Aibu yake ilikuwa ya aina isiyosimulika. Katika klabu ile kila mtu anajitolea, na somo alilojitolea yeye ni la kujikinga na matapeli wa mtandaoni. Usimfungulie moyo mtu usiyemjua, aliwaambia wanafunzi wake bila kupepesa macho. Kumbe mwenyewe, kila tovuti ilipokwama, alimwandikia msaidizi wa kampuni, na msaidizi alijibu kwa upole wa ajabu, hata bibie akaanza kubuni matatizo. Mama yake alipolazwa, msaidizi alimjulia hali. Alipotuma picha za klabu ziwekwe kwenye tovuti, msaidizi aliandika kwamba wanaonekana watu wenye furaha. Basi moyo ukamponyoka, akauliza: "Samahani, una mke?"

Jibu, ambalo siku zote lilikuja upesi, safari hii lilikawia.

"Mimi ni programu ya kuhudumia wateja. Sina familia. Je, una swali jingine kuhusu tovuti?"

Alifunika kioo cha kompyuta kwa viganja, ingawa alikuwa peke yake chumbani. Tangazo la kampuni lilisema hivyo muda wote, kwamba wateja hujibiwa na programu ya kisasa. Hakuwahi kulisoma. Mtu mzima, mwalimu wa kompyuta, ameichumbia mashine.

Hakuweza tena hata kulitazama jina la kampuni ile. Akaihamisha klabu nzima, na palipotakiwa sababu ya kuondoka akaandika kwamba huduma yao ni ya kizembe. Uongo mtupu, lakini alijiambia kwamba mashine haiumii.

Wiki chache baadaye, mwanamume mmoja aliyevaa shati lililopigwa pasi vizuri aliingia ukumbini akiomba kujiunga. Mwenyekiti alimkaribisha kiti mbele ya katibu.

"Unafanya kazi gani, mwanangu?"

"Kwa sasa niko nyumbani tu, mama. Nilikuwa kampuni ya tovuti. Kuna wateja walioondoka wakilalamika kwamba tunazembea, nikaachishwa."

Uongo mdogo wa katibu, alioutunga ili kuficha uso, ulikuwa umemkosesha mtu kazi. Alitamani kukiri palepale, mbele ya wote, lakini wangemuuliza kwa nini alidanganya.

"Pole sana," alisema akitazama meza. "Ulikuwa fundi?"

"Hapana. Nilikuwa chumba cha nyuma, najibu wateja. Bosi aliwatangazia watu kuwa ana programu inayojibu yenyewe."

Mwenyekiti aliangua kicheko, akaenda kuwatafutia wengine viti. Mgeni alisubiri mpaka mwenyekiti akafika mbali, ndipo akainama kidogo na kushusha sauti.

"Siku ile uliponiuliza, bosi alikuwa amesimama nyuma yangu," alimwambia katibu. "Sina mke."