Shokapu Mpya

Shomari hakutulia. Alikwisha kubadilisha springi na shokapu zote za Pijo yake ya zamani, lakini aliizunguka tena, akaibonyeza boneti na kutazama inavyoshuka na kupanda.

"Mume wangu, tunaondoka au unakanda unga?" mkewe, Mwanaidi, aliuliza.

Tangu aumie mgongo, Mwanaidi hakuwa amepanda gari. Njia ya kwenda kwa mama yake ilikuwa mashimo matupu, na mama, ambaye sasa hainuki kitandani, alikuwa akimwulizia kila siku.

Kwenye tuta la kwanza Shomari alipunguza mwendo mpaka injini ikakaribia kuzima. Gari lilishuka taratibu, likatulia.

"Umeumia?"

"Hapana."

Tuta la pili akauliza tena. La tatu, macho yake yalikuwa usoni pa mkewe.

"Tazama mbele, Shomari. Nikiumia utanisikia."

Lami iliishia hapo. Shomari akasimama, jasho likimtoka, akiyakodolea macho makorongo yaliyochimbwa na mvua.

Mwanaidi akateremsha kioo. "Twende," alisema.

Shomari akaingiza gia. Mbele yao, mbuzi waliolala katikati ya njia wakaanza kuinuka, mmoja mmoja.