Ombi la Jumapili

"Tumwombee dada yetu Waruguru," pasta alisema kwenye maikrofoni. "Hospitali wamempata na saratani ya titi."

Waruguru alishika kiti cha plastiki kilichokuwa mbele yake. Majibu alikuwa amepewa Alhamisi, na hakuwa amemwambia mtu yeyote hapa Makongeni, hata mama yake aliyekaa kando yake.

Mbali na daktari, aliyejua ni nesi mmoja tu. Ndiye aliyefunga mlango, akampa tishu, akamwambia, "Usijali, hii haitatoka hapa."

Sasa nesi huyo alikuwa mbele na kwaya, macho amefunga, machozi yakimtiririka hadi kwenye kola nyeupe. Asubuhi alionekana akimnong'onezea pasta kabla ya ibada. Na sasa nesi alikuwa akiomba kwa moyo wake wote.

Kanisa zima likanyoosha mikono.

Mama naye akanyoosha wake. "Maskini," akanong'ona, "mnaitwa jina moja."

Kisha akageuka nyuma, akimtafuta kwa huruma huyo Waruguru mwingine.