Sanduku la Ijumaa

"Yuko kati yetu anayebamiza milango akikasirika."

Padri Mkuu aliisoma karatasi hiyo kwa sauti ile ile ya kusomea matangazo ya misa, akaikunja, akaiweka mezani. Bruda Fundi alihisi masikio yakimwaka moto. Asubuhi ya siku hiyo alikuwa ameubamiza mlango wa stoo hadi kitasa kikang'oka, akakirudishia mwenyewe kwa misumari miwili.

Ilikuwa Ijumaa ya pili ya Kwaresima, na yeye alikuwa mgeni katika nyumba ile ya wamisionari. Aliletwa kumalizia wodi ya wazazi, maana akina mama walikuwa wakijifungulia kwenye kibaraza cha zahanati, shuka mbili zimetundikwa ndizo ukuta. Siku ya Majivu Padri Mkuu aliweka sanduku la mbao penye mlango wa chumba cha kulia.

"Kila mmoja aandike kosa linaloiumiza nyumba hii," alisema. "Msitaje jina. Tutasoma kila Ijumaa baada ya Njia ya Msalaba."

Bruda Fundi hakuuliza kitu. Sanduku kama hilo lilikuwepo katika nyumba aliyotoka, na kule lilimtoa machozi Kwaresima mbili mfululizo.

Ijumaa ya tatu ikaja nyingine. "Yuko anayeona kazi yake ndiyo kazi, za wengine mchezo."

Safari hii hakula. Juzi tu alikuwa amemwambia Bruda Muuguzi kwamba kugawa vidonge hakumtoi mtu jasho. Sasa wanamlipizia. Alisukuma kiti, akaenda jikoni kwa mama mpishi.

"Mama, nyumba hii wananisema."

"Nani akuseme, Bruda? Hawa hata nzi hawamsemi. Kunywa chai hasira ipoe."

"Chai ya moto ipoze nini?"

"Basi isubiri, mpoe pamoja."

Hakucheka. Wiki ile alikuwa amepewa ufunguo wa sakristia ili atengeneze kabati la mavazi ya misa, na mle ndani macho yake yaliona jambo. Chupa ya divai ilikuwa ikipungua kati ya misa na misa. Kisha jioni moja akakutana na Padri Miwani, mzee wa nyumba, akitoka humo huku akijifuta masharubu kwa mkono wa kanzu.

Kumbe. Nyani haoni kundule. Wanahesabu milango anayobamiza yeye, na divai ya altare inashuka koo la mtu.

Alichukua penseli yake nene ya kuchorea mbao. Akaandika kwa nguvu hadi karatasi ikachanika pembeni: "Yuko anayekunywa divai ya altare kwa siri, akidhani hakuna anayemwona." Kuficha mwandiko hakujisumbua. Waujue. Yeye si mnafiki.

Ijumaa ya nne Padri Mkuu aliisoma. Akaukagua mwandiko ule mnene kabla ya kuikunja. Padri Miwani alivua miwani, akajifuta macho kwa leso.

Imempata, Bruda Fundi aliwaza, na safari hii chakula kikapita kooni.

Lakini tangu siku hiyo walianza kumzunguka kwa wema usio na mkia wala kichwa. Bruda Muuguzi alimletea mafuta ya kuchua mgongo bila kuombwa. Padri Miwani alikuja kila alasiri kwenye ujenzi, akakaa juu ya rundo la matofali.

"Mwanangu, twende tutembee kidogo kabla ya masifu ya jioni."

"Nina kazi, Padri."

"Basi nitakaa hapa hapa. Usijione uko peke yako."

Wananiziba mdomo, aliwaza Bruda Fundi, akagonga msumari ukapinda.

Alhamisi alikuta msumari wa ukutani mwa chumba chake mtupu. Ufunguo wa sakristia haukuwepo. Kabati la divai lilikuwa na kufuli jipya, linang'aa kama tusi.

Usiku haukumpa usingizi, na asubuhi aliandika barua kwa Mkuu wa Shirika: ahamishwe kabla ya Pasaka. Mabati ya wodi yalikuwa bado yamelala chini. Wapaue wenyewe.

Ijumaa ya tano aliitupa barua mezani kabla sanduku halijafunguliwa.

"Padri, ufunguo wangu uko wapi?"

"Ninao mimi. Tulitaka kukupunguzia mzigo."

"Mzigo gani? Mnanidhania mwizi? Kila Ijumaa ni mimi tu. Mara milango, mara kazi. Mwenye neno si aniambie usoni?"

Bruda Muuguzi aliweka kijiko chini. "Milango ni mimi, Bruda. Ule wa chumba cha dawa nimeupasua kwa mkono huu. Niliandika mwenyewe."

"Na ile ya kazi ni yangu," alisema Padri Mkuu taratibu. "Hapa kila mtu huandika la kwake. Kwani kule kwenu mlikuwa mkiandika la nani?"

Kutoka kibarazani mwa zahanati kilisikika kilio cha mtoto mchanga. Mkono wa Bruda Fundi ukatambaa juu ya meza, ukaivuta ile barua, ukaizamisha mfukoni.

Padri Mkuu alikunjua karatasi moja pekee iliyokuwemo sandukuni. Chini ya meza, vidole vikavu vya Padri Miwani vilikuwa vimekwisha kuushika mkono wa Bruda Fundi.

"Ndugu yetu aliyeandika kwa penseli nene amenipa ujasiri," Padri Mkuu alisoma. "Hanywi peke yake. Tuko wawili."