Wiki Tisa za Uji

Bi harusi alichagua tarehe ya ndoa yake kwenye kliniki ya meno, amesimama mbele ya kalenda ya ukutani, huku baba yake amelala kwenye kile kiti kirefu, mdomo umejaa pamba.

"Daktari, ukishampandikizia haya meno mawili, atapuliza tarumbeta lini?"

"Inategemea anavyokula na anavyojitunza," alisema daktari bila kuinua macho. "Wengine wiki nane. Wengine kumi na mbili."

Binti alihesabu kwa kidole, Jumamosi baada ya Jumamosi, akakomea kwenye ya tisa. "Hii," alisema.

Mzee alitaka kushangilia, pamba ikamzuia.

Alikuwa fundi cherehani, na mtaa mzima ulimwita Fundi tu. Mikono yake ilikuwa kwenye nguo, lakini moyo ulikuwa kwenye tarumbeta. Alikuwa amepiga kwenye harusi zote za ukoo, na hakuna hata moja iliyosahaulika. Ya mwanawe wa kwanza inazungumzwa mpaka leo: mama mkwe alitokwa na machozi, na wageni walisimama kabla hajamaliza. Sasa ilikuwa imebaki ya huyu kitinda mimba wake. Wiki mbili baada ya posa, Fundi akajikwaa kwenye kizingiti cha duka lake na kuacha meno mawili ya mbele sakafuni. Mtu asiye na meno ya mbele hapulizi tarumbeta, anaitemea mate tu.

Shangazi alipoisikia tarehe alishangaa. "Mbona mmebana hivyo? Sogezeni hata mwezi mmoja, baba wa watu apone vizuri."

"Ukumbi uko wazi siku hiyo tu," alisema binti.

"Msimsumbue mwanangu," alisema Fundi kwa kithembe cha mdomo uliovimba. "Nitapona."

Na kupona akakuvalia njuga. Karatasi ya masharti ilibandikwa kwenye friji, naye akaitii kama askari. Siku ya kwanza barafu, dakika kumi shavuni, dakika kumi mezani. Usiku mito miwili chini ya kichwa. Kuanzia kesho yake maji ya chumvi kila baada ya mlo, kusukutua polepole bila kutema kwa nguvu. Hakuna mrija, hakuna sigara, hakuna chai ya moto.

Binti alimhudumia mpaka majirani wakaanza kuwasema watoto wao wenyewe. Kabla hajaenda shuleni kufundisha alimwachia uji vuguvugu, mtindi na parachichi la kupondwa. Akirudi anaponda viazi, anachambua samaki mwiba mmoja mmoja, anasaga supu ya kuku mpaka kuku mwenyewe asingejitambua. Fundi alizidi kumpenda kwa kila kijiko, na bado njaa haikumtoka.

Wiki ya nne shemeji yake alikuja na mfuko wa karanga za kukaanga, akaketi mbele yake akitafuna kwa makusudi.

"Moja tu, shemeji. Itafune kwa nyuma huko, nani atajua?"

Fundi alimeza mate. Akayameza tena. "Mwanangu anaolewa," alisema, akahamishia ushonaji wake chumba kingine. Jioni hiyo aliibana suruali yake ya harusi kiunoni kwa mara ya pili.

Kitu kimoja tu kilimshinda kuvumilia. Alitamani kuishika tarumbeta yake, walau aifute vumbi. Binti alikuwa ameifunga ndani ya blanketi mbili na kuisukumia juu ya kabati, nyuma ya masanduku.

"Siipulizi, mama. Naiangalia tu."

"Hapana, baba. Nakujua wewe."

"Na nisipowahi je?"

"Usipowahi hakuna atakayekulaumu," alisema, akimpapasa bega. "Tena mimi wa kwanza."

Alisema kwa upole kiasi kwamba mzee alikwenda kujifungia chooni alie kidogo. Hata huko alikumbuka kutopenga kamasi kwa nguvu, maana karatasi ilikataza na hilo.

Alhamisi ya wiki ya harusi, ikiwa imebaki siku mbili, waliingia kliniki wameshikana mikono. Daktari alimulika, akayagonga yale meno mapya kwa kijichuma, akatazama picha ya mfupa kwenye kompyuta, akairudia tena. Binti alisimama ukutani anauma kucha. Fundi alianza kuomba moyoni, na wala hakuomba mengi, aliomba Jumamosi moja tu.

"Bado kidogo, eti daktari?" aliuliza binti.

"Bado nini?" Daktari alivua barakoa. "Miaka yote ya kazi hii sijaona kidonda kilichopona hivi. Mfupa umeshika barabara. Ulikuwa unamlisha nini?"

"Nipulize?" aliuliza Fundi.

"Puliza, mzee. Jumamosi piga mpaka paa liezuke."

Fundi aliruka kutoka kitini kama kijana. Alimkumbatia daktari, akamkumbatia mwanawe, machozi yanamtiririka bila haya yoyote. "Uji wako, mama! Uji wako ndio umenifikisha!" Akatoka mbio kwenda kuiteremsha tarumbeta, akiwapungia mkono wagonjwa wote waliokuwa wakisubiri, hata yule mwenye shavu lililovimba.

Bi harusi alibaki. Alifunga mlango taratibu, akamsogelea daktari, akashusha sauti.

"Daktari, hebu mwite umwangalie tena vizuri. Kweli hakuna jino hata moja la kung'oa kabla ya Jumamosi?"