Kiti cha Dirishani

Shirika la ndege lilipokufa, ndege yake ya mwisho iligeuzwa mgahawa, na Dafrosa, aliyewahi kuhudumia abiria humo angani, akabaki humo humo akiuza chai na maandazi. Asubuhi moja bibi mgeni aliketi dirishani, akajifunga mkanda, akaukumbatia mkoba wake.

"Mwanangu, sijawahi kupanda ndege. Tunaondoka saa ngapi?"

Wateja wakacheka. Dafrosa akaweka sinia chini, akaukaza mkanda wa bibi, kisha akasimama katikati ya njia, mgongo umenyooka kama zamani.

"Sasa hivi, bibi. Na wengine, fungeni mikanda."

Kicheko kikafifia. Mmoja mmoja, wakafunga. Nje majani marefu yakalala chini, na chai vikombeni ikaanza kuinamia upande wa mkia.